Kiti cha Nyuma Kushoto

Boti ililetwa Voi Jumatatu moja asubuhi, juu ya lori dogo, imefungwa kwa kamba za katani, pua yake ikitokeza kupita kichwa cha dereva. Watu waliokuwa wakingoja magari barabarani waligeuka wote. Voi hatuna maji ya kuelea boti. Tuna vumbi jekundu, tuna reli, tuna malori ya Mombasa, na mto unaokumbuka kuwa ni mto mvua zikinyesha. Kwa hiyo lori lilipoacha lami na kuingia kwenye karakana yangu, upande huu wa barabara ya Taveta kabla hujafika Mraru, sikufurahi kwamba nimepata kazi. Nilijiuliza: kwa nini hapa?

Mimi ni fundi wa vyuma. Baba yangu alitoka magharibi akaja kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa kwenye nyumba za reli, nikajua kushika grinda kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge. Mwanamke fundi huzoea kutazamwa mikono. Mteja mpya akija hutafuta mwanamume nyuma yangu, na akimkosa ndipo hunisalimu. Miaka mingi ya mambo hayo imenifundisha kumpima mtu kabla hajanipima. Sijui kama ni tabia nzuri, lakini ndiyo niliyo nayo.

Mwenye boti alishuka taratibu. Alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, mwembamba, shati limepigwa pasi. Alisema yeye ni mwalimu mstaafu, mtu wa Wusi, kule milimani, na kwamba boti hiyo huwabeba wageni kwenye Ziwa Jipe kuwaonyesha viboko na ndege. Tangu hapo nikawa namwita Mwalimu.

"Taveta hakuna mafundi, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Wapo."

"Na Mwatate?"

"Wapo pia. Lakini nimeambiwa wewe ndiye unayekaza viti vya mabasi ya shule, na havijawahi kung'oka."

"Nani alikuambia?"

"Watu."

Jibu hilo sikulipenda. Ni kweli nilikuwa nimekaza viti vya mabasi mengi. Lakini mtu hapakii boti kwenye lori, akapita mafundi wote wa njiani, kwa sababu ya jambo aliloambiwa na "watu".

Alichotaka kilikuwa rahisi kukisema. Viti sita vyenye migongo, kila kimoja juu ya mguu mmoja wa chuma, visimame juu ya sakafu ya boti. Sakafu ilikuwa bati jembamba la alumini, na bati jembamba halishiki kiti. Mtu akiegemea, mgongo wa kiti unakuwa kama mtaimbo. Unavuta skrubu za mbele juu, unakandamiza za nyuma chini, na mwisho skrubu zinachomoka. Kwa hiyo ilibidi sakafu yote ing'olewe, mbavu za boti ziongezewe nguvu kutoka chini, ndipo viti vikazwe.

"Vising'oke," Mwalimu alisema. Tulipoishusha boti, akasema tena, "Fundi, ninachotaka ni vising'oke tu." Na alipokuwa akiondoka, ameshavuka mtaro, akageuka akalisema mara ya tatu.

Kesho yake alirudi mapema kuliko mimi. Nilimkuta ameketi kwenye benchi langu, ana kalamu nene nyeusi mkononi. Alikuwa ameshaweka alama kwenye kila kipande cha alumini mpya tulichonunua: mstari na nukta mbili.

"Hiyo ni ya nini?" nilimuuliza.

"Ili nijue ni chenyewe."

Nilielewa. Alidhani nitabadilisha mali yake niweke nyembamba. Nilihisi uso ukinichoma, lakini nilichukua drili. Moyoni nikasema, sawa, wewe nichunge mimi, na mimi nitakuchunga wewe.

Sikukawia kupata cha kuchunga. Ubavuni mwa boti, karibu na pua, kulikuwa na mahali palipokwanguliwa kwa msasa na kupakwa rangi mpya. Chini ya rangi hiyo ungeweza kuona vivuli vya herufi. Jina la boti, au namba, lilikuwa limefutwa. Kisha adhuhuri Mwalimu aliniambia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba katikati ya sakafu anataka kifuniko cha kufungua na kufunga.

"Cha kuingiza nini?"

"Mkono."

"Mkono wa kutafuta nini?"

"Fundi, wewe nitengenezee kifuniko."

Saa nane alipokwenda kula nilivuka barabara hadi duka la bi mkubwa anayeniuzia bolti na engo, zile fito zenye pembe kama herufi L. Bi mkubwa ni mtu wa pwani, mama wa Kiislamu aliyeolewa Voi zamani, na hakuna gari linalopita bila yeye kujua limebeba nini. Nilimweleza habari ya jina lililofutwa na ya kifuniko.

"Mwanangu," alisema, akizihesabu bolti bila kuzitazama, "Jipe ng'ambo yake ni nchi gani?"

"Tanzania."

"Na sakafu yenye mlango chini yake pana nini?"

"Nafasi tupu."

"Basi, waniuliza mimi nini tena? Watu watakaa juu kwenye viti vizuri, watapigwa picha na viboko, na chini yao kutapita wasichokijua. Fanya kazi yako, lakini uso wako usionekane sana."

Nilirudi nikiwa na uhakika kwamba natengeneza boti ya magendo. Niliipiga picha kwa simu: ubavu uliofutwa, pua, na nyuma ya shati la Mwalimu aliyekuwa amerudi na kukaa. Sikujua nitampelekea nani picha hizo. Nilitaka tu kuwa nazo.

Siku ya tatu ndipo nilipoing'oa sakafu ya zamani. Juu yake kulikuwa na zulia la plastiki lililogandishwa kwa gundi. Nililibandua kwa kisu, na Mwalimu akasimama. Siku mbili alikuwa akinitazama ameketi, sasa akasimama. Chini ya zulia palikuwa na matundu ya viti vya zamani, manne manne, makundi sita. Viti hivyo vilikuwa vimeshikwa kwa skrubu za mabati ya nyumba, zile fupi zenye raba, za kupigia mabati kwenye mbao. Chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye unyevu vinaoza, na kila tundu lilikuwa limezungukwa na unga mweupe kama chumvi.

Makundi matano yalikuwa yamelegea tu. La sita, nyuma upande wa kushoto, karibu na mahali anapokaa mwendesha injini, halikuwa limelegea. Matundu yake mawili ya mbele yalikuwa yamepasuka kuelekea juu, bati limejikunja kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Matundu mawili ya nyuma hayakupasuka, ila kando yao kulikuwa na bonde refu, mahali ukingo wa kitako cha kiti ulipolikandamiza bati kwa nguvu.

Nilipitisha kidole kwenye mpasuko.

"Hii ilikuwaje, Mwalimu?"

"Nilinunua ikiwa hivyo. Aliyeniuzia ndiye aliyeving'oa viti vyake."

"Zamani?"

"Zamani sana. Kabla sijastaafu."

Alumini ikipasuka, ndani yake hung'aa. Baada ya miezi inafifia, na baada ya miaka inakuwa kijivu kama jivu la jana. Bati lote la boti ile lilikuwa kijivu. Mpasuko ule ulikuwa uking'aa. Halafu, mtu anayeng'oa kiti hufungua skrubu kwa spana, havunji kwa namna ile. Alikuwa amenidanganya, na aliponidanganya alikuwa akitazama barabarani.

"Vipande vyote vya sakafu ya zamani nitavichukua," alisema. "Kila kimoja. Usiuze chochote kwa watu wa vyuma chakavu."

Huyu aliyeandika alama kwenye bati jipya sasa alikuwa analitaka hata la zamani lililooza. Nilisema sawa. Alipokwenda kujibu simu kando ya barabara, nililikata kundi lile la sita kwa grinda, kipande cha ukubwa wa sahani, nikakifunika kwa gunia chini ya meza. Kisha nikalikata bati lote lililobaki vipande vipande ili asione pengo. Leo nikikumbuka naona aibu kidogo. Wakati ule nilijiona mwerevu.

Alhamisi Mwalimu alikwenda Mombasa kuchukua viti. Nilikuwa peke yangu nikipigilia engo za alumini kati ya mbavu kwa ribiti, kila engo ikae chini kabisa ya mahali kiti kitakaposimama, mwanamke alipoingia kwa magongo mawili. Alikuwa wa umri wangu, mnene kiasi, amevaa sweta la kijani ingawa jua lilikuwa kali, na nikajua ametoka milimani ambako asubuhi ni baridi. Hakunisalimu kwanza. Aliitazama boti.

"Ndiyo hii," alisema.

"Karibu, mama. Unaijua?"

"Nilianguka kutoka humu."

Nilimpa benchi. Alikaa kwa shida, mguu mmoja ameunyoosha. Alisema yeye ni wa Chawia, mpishi wa shule, na kwamba mwenye boti ni shemeji yake, mume wa dada yake. Mwezi wa nne alikuwa ametembelea Jipe, shemeji akamchukua bure na wageni wawili. Wageni walikaa mbele wakitazama viboko. Yeye alikaa nyuma kushoto, karibu na shemeji aliyekuwa kwenye injini. Kiboko aliibuka karibu, shemeji akaigeuza boti kwa ghafla, na yeye akajikuta majini. Nyonga ilikuwa imegonga ukingo wa boti na kuvunjika. Shemeji aliruka humohumo majini, penye mamba na viboko, akamshika nguo na kumtoa.

"Aliniokoa," alisema. "Kanisani walimsimamisha mbele, wakamshukuru Mungu kwa ajili yake. Watu walilia."

"Mungu ni mwema," nilisema, maana ndivyo tunavyosema.

"Lakini wote wanasema nilisimama." Alinitazama. "Shemeji alisema nilisimama kupiga picha. Dada yangu anasema nilisimama. Mume wangu kila nikimwomba maji ananiambia, si ungekaa tu kama wengine. Mimi mwenyewe sasa nikifumba macho najiona nimesimama. Lakini siku za kwanza hospitalini sikuwa najiona hivyo. Fundi, nimekuja kukuuliza jambo moja. Mtu akisimama kwenye boti akaanguka, kiti chake kinang'oka?"

Kipande kilikuwa chini ya meza, hatua tatu kutoka aliposimamisha magongo yake.

Ningependa kuandika kwamba nilikitoa pale pale. Sikukitoa. Nilimshuku. Niliwaza: kwa nini amekuja siku ambayo Mwalimu hayupo? Nani amemwambia hayupo? Labda ametumwa kunijaribu, aone kama mimi ni mtu wa kutoa siri za wateja. Labda anatafuta kesi na mimi nitaitwa shahidi, nikaacha kazi nikashinde mahakamani Voi. Mtu akizoea kushuku, hata machozi huyatafutia sababu.

"Siwezi kujua, mama," nilimwambia. "Viti nilivikuta vimeshatolewa."

"Na matundu yake?"

"Sakafu ya zamani nimeshaikata."

Aliitikia kwa kichwa. Alishukuru, akashika magongo, akaenda kungoja gari upande wa pili. Nilimwona bi mkubwa akimtolea kiti cha plastiki na maji. Mimi niliyekuwa na jibu lake sikumpa hata maji.

Alipoondoka nilikitoa kipande nikakiweka mezani. Nilichukua kiti cha plastiki nikakikalia, nikaegemea nyuma kwa nguvu mpaka miguu ya mbele ikanyanyuka. Halafu nikasimama. Nikarudia. Ukisimama, kiti unakiacha, hakuna kinachokivuta. Matundu yale ya mbele yasingeweza kupasuka kuelekea juu bila mtu kuwa ameketi, mgongo wake umeegemea, uzito wake wote ukienda nyuma. Yule mwanamke alikuwa amekaa. Alikuwa amekaa kama wengine, na kiti kikamwangusha.

Mwalimu alirudi Ijumaa na viti vyake. Hakukuwa na sababu ya kumzungusha. Nilikuwa nimeshatandika bamba jipya la alumini, lile lenye vipele kama la ngazi za basi, na nilikuwa ndani ya boti nikitoboa matundu. Nilizima drili.

"Shemeji yako alikuwa hapa," nilisema.

Alikiweka chini kiti alichokuwa amebeba. "Alisema nini?"

"Aliuliza kama alisimama."

"Ukamwambia?"

"Nilimdanganya. Kama wewe."

Nilishuka, nikakitoa kipande chini ya gunia, nikakiweka juu ya meza kati yetu. Hakukigusa. Alikuwa amekitambua, nadhani, kabla gunia halijatoka lote.

"Umekiiba," alisema.

"Ndiyo."

"Nilijua utaniibia kitu. Nilidhani ni bati jipya."

Nilitegemea akasirike. Badala yake alivuta benchi akakaa, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi. Alianza kuongea akitazama boti, si mimi. Viti vile alikuwa amevikaza mwenyewe. Alipostaafu hakutaka kumlipa fundi kwa kazi aliyoiona ndogo. Alikuwa na skrubu zilizobaki alipoezeka jiko. Shemeji yake alipotumbukia, kiti kilitumbukia naye na kuzama, na wageni hawakuona kwa sababu macho yao yalikuwa kwa kiboko. Alipomtoa majini, mgeni mmoja aliuliza, "Alisimama?" Naye akasema ndiyo. Hakupanga. Neno lilikuwa limeshatengenezwa, yeye akalipokea tu. Kesho yake alilikuta limefika Taveta, ndiyo maana boti hakuipeleka kwa mafundi wa huko. Jumapili lilikuwa kanisani Wusi, na yeye amesimamishwa mbele.

"Ningesema saa ngapi?" aliniuliza. "Wakati wanaimba?"

"Na jina ulilofuta?"

"Boti niliipa jina la binti yangu. Sikuweza kuliona tena pale. Ukidhani ni jambo lingine, ni shauri yako."

"Na kifuniko?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si nilikuambia ni cha mkono? Ninataka kila asubuhi niingize mkono chini nikaze nati kabla mtu hajakaa. Bolti zikishapita bamba, utazionaje kama huna mlango?"

Kwa hilo alikuwa sahihi, na mimi fundi ningepaswa kuliona kabla yake. Siku nne nilikuwa nimetengeneza kichwani safari za magendo kutoka Jipe mpaka Mombasa, kumbe mtu anataka kukaza nati.

Lakini sikumwamini bado. Alipoinuka na kunyoosha mkono kuchukua kipande, nilikivuta upande wangu.

"Nipe nimpelekee," alisema.

"Nitampelekea mwenyewe."

"Huniamini."

"Hapana, Mwalimu. Sikuamini."

Alifikiri. "Basi twende pamoja."

Tulikwenda Jumamosi kwa gari alilokopa kwa jirani yake. Nilikuwa nimekaa na kipande mapajani, nimekifunga kwa kanga, na kila alipopunguza mwendo nilikishika zaidi. Mwatate alisimama kununua mkate na sukari, nikadhani anatafuta namna ya kurudi. Tulipoanza kupanda, barabara ikajikunja, hewa ikawa ya ukungu na migomba, na yeye akawa anaendesha polepole mno hata mtu wa baiskeli akatupita.

Nyumba ilikuwa chini ya barabara, na shamba dogo la mahindi na maharagwe mbele. Yule mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Mumewe alitoka, akamsalimu Mwalimu kwa heshima kubwa, akamletea kiti kizuri. Mimi nilipewa kigoda. Mwalimu alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Shemeji," alisema, "huyu ni fundi."

"Ninamjua," mama alisema. "Aliniambia hajui kitu."

Nilifungua kanga. Nilimweleza kama ninavyomweleza mteja yeyote: haya ya mbele yamepasuka kwenda juu, hapa nyuma pamekandamizwa, kiti kikifanya hivi maana yake mtu ameketi ameegemea. Nilimwonyesha unga mweupe na jinsi skrubu zilivyokuwa fupi. Alivuta kipande mpaka mapajani, juu ya mboga. Alikigeuza juu chini mara mbili, kisha akaingiza ncha ya kidole katika tundu moja lililopasuka.

"Kwa hiyo sikusimama," alisema.

"Hukusimama."

"Sisemi na wewe, fundi." Hakuinua macho. "Nataka yeye aseme."

Mwalimu alijaribu, akakohoa, akasema kwa Kidawida kwanza, lugha ya kwao milimani. Mimi sikisikii vizuri, baba yangu alituachia Kiluhya na Kiswahili cha reli, lakini nilimwona mume wa yule mama akigeuza shingo taratibu, kutoka kwa Mwalimu hadi kwa mkewe. Kisha Mwalimu akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, au ili asiwe na pa kujificha: "Ulikuwa umekaa. Kiti changu ndicho kilichokuangusha. Mimi ndiye niliyesema ulisimama."

Hakuna aliyelia. Mume aliinuka akaingia ndani, na tukasikia akifunga dirisha lisilohitaji kufungwa. Mama alibaki na kile kipande.

"Uliruka majini," alimwambia Mwalimu. "Hilo ni kweli. Sikuondolei. Lakini walikusifu mbele ya watu, na mimi nikasemwa mbele ya watu hao hao. Utalisema pale pale."

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumapili."

"Hii?"

Mama alingoja mpaka Mwalimu akainua macho. "Hii," alisema.

Hatukupewa chai. Mkate na sukari tuliviacha kwenye kigoda.

Wiki iliyofuata nilimaliza kazi. Chini ya kila kiti niliweka bamba la milimita tano la kushikia, bolti za chuma kisichoshika kutu, raba kati ya chuma na alumini ili visilane, na nati zenye plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Kila kiti nilikikalia mwenyewe na kukiegemea kwa nguvu zangu zote. Mwalimu alitazama. Safari hii hakuwa na kalamu.

"Nilisema," aliniambia bila mimi kumuuliza. "Jumapili."

"Vizuri, Mwalimu."

Lakini alipoondoka na boti yake nilipiga simu Chawia. Namba nilikuwa nimeichukua siku ile kwa mume wake. Nilimuuliza yule mama kama ni kweli.

"Umenipigia kuhakikisha?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. "Alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, mchungaji akamwambia arudie watu wa nyuma hawajasikia. Akarudia. Dada yangu alitoka nje. Mpaka leo haongei na mimi, eti nimemwaibisha mume wake."

"Pole."

"Mwache. Atazoea. Mume wangu sasa maji ananiletea kabla sijaomba, mpaka ninachoka kunywa."

Nilimwomba msamaha kwa kumwambia sijui kitu. Nilisikia kuku wake, na mtu akipasua kuni.

"Ulinidanganya nikiwa nimekuja na magongo mawili kutoka Chawia," alisema. "Hilo nitakaa nalo kwanza. Usinikimbize."

Alirudi jikoni mwa shule muhula uliofuata, kwa gongo moja, akipika ameketi. Hunipigia mara chache. Mara ya mwisho alitaka kujua kama ninaweza kumtengenezea meza ya chuma ya kukatia mboga, fupi, ya mtu anayefanya kazi amekaa. Alitaka nimtajie vyuma nitakavyotumia, kimoja kimoja, na unene wake. Alikuwa anaandika, nilimsikia akivirudia polepole.